Je, woga wa kipimo unaweza kupandisha sukari?

Foleni ya kupima sukari ina kimya chake. Aliye mbele ananyoosha kidole, kinafutwa kwa pamba ya spiriti, kinatobolewa, tone la damu linagusishwa kwenye stripu. Anayefuata viganja vimeshalowa jasho. Mashine ikisoma 7.4 (milimoli za sukari kwa lita ya damu), na mtu hajanywa hata chai, utetezi ni uleule: "Ni woga tu, daktari."

Kuna ukweli ndani yake. Mwili ukiogopa hujiandaa kwa mbio. Tezi zilizokaa juu ya figo humwaga homoni za woga: adrenalini, kisha kotisoli. Adrenalini hulichochea ini lifungue akiba yake ya sukari, na papo hapo huibana kongosho isitoe kwa wingi insulini, homoni inayoshusha sukari. Sukari hiyo ilikusudiwa misuli ya mkimbiaji. Wewe umekaa kwenye benchi, basi inabaki ikizunguka damuni.

Benchi lenyewe lina kisa. Mwaka 1913 Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Harvard, Marekani, alipimisha mkojo wa wachezaji 25 wa futiboli ya Kimarekani baada ya mechi kali ya kufunga msimu. Kumi na wawili walikutwa na sukari. Watano kati yao walikuwa wa akiba, hawakuingia uwanjani kabisa! Walitazama tu, roho juu.

Ila utetezi huo una mpaka. Kongosho ikiwa nzima, ongezeko la sukari linaloletwa na woga kwa kawaida ni dogo na hushuka upesi. Kwa mwenye kisukari, au anayekikaribia, ndiyo hupanda zaidi na kukawia kushuka. Kwa hiyo mashine ikisoma 12.0 kabla hujala asubuhi, usimsingizie sindano. Kwa asiye na dalili, kipimo kimoja hakitoshi: 7.0 au zaidi kabla ya kula hurudiwa siku nyingine. Au hupimwa HbA1c, yaani sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu. Hiyo hubeba wastani wa miezi 2 hadi 3, na woga wa nusu saa hauitikisi. Ikifika asilimia 6.5, hapo ni kisukari.

Halafu kuna mshtakiwa asiyetajwa kamwe: embe. Utamu wake ukibaki kidoleni, mashine huusoma pamoja na damu, na spiriti haiutoi vizuri. Nawa kwa maji na sabuni, ukauke, ndipo utoe kidole.