Kitabu Kukwama Kichwani: Maswali na Majibu kwa Wagonjwa wa Mjini Moshi

Mimi si daktari. Nina steshenari hapa Moshi, napiga chapa na kusahihisha miswada. Ila kwa wagonjwa ninaowapokea dirishani, limebaki koti jeupe tu.

Ugonjwa huu ni upi?

Ni mtu kuwa na jina la kitabu, picha ya jalada na mgeni rasmi wa uzinduzi, ilhali sura ya kwanza hana. Wapo wanaosema wamerogwa wasiandike. Ni wachache, tuwaache.

Dalili zake?

Mgonjwa anakitaja kitabu chake kabla hujamsalimia. Wiki iliyopita mwalimu mmoja mstaafu aliniletea daftari nene la kaunta, amelifunga kwa mfuko wa nailoni lisilowe. Ukurasa wa kwanza jina la kitabu, wino mwekundu, limepigiwa mstari kwa rula. Wa pili tabaruku. Wa tatu hadi wa saba shukrani, kuanzia kwa Mwenyezi Mungu hadi kwa fundi wa baiskeli yake. Baada ya hapo, weupe mpaka mwisho.

“Shikamoo mwalimu. Sura ya kwanza iko wapi?”

“Marahaba mwanangu. Iko kichwani, bado kuiandika tu.”

Kwani kitabu hakiwezi kukamilika kichwani?

Hakiwezi. Kichwani kuna hamu ya kitabu. Kitabu ni sentensi, na sentensi ya kichwani haijawahi kugombana na ngeli. Iteremshe kwenye karatasi ndipo utagundua yule shujaa wako hana kazi wala jina la baba, na amefika Arusha bila kupanda gari.

Lakini nimewasimulia marafiki chote, wamecheka hadi machozi.

Ndiyo hatari yenyewe! Kitabu kinachosimuliwa kilabuni kila jioni huishia kwenye kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Ukija kukaa mezani, hamu imeshashiba na imelala. Tafadhali, funga mdomo, fungua daftari.

Basi nisubiri nistaafu, nipate utulivu?

Hapana. Na kwa aliyekaa nyuma: hapana. Shaaban Robert alizaliwa 1909, miaka mingi alikuwa karani serikalini, huku anaandika. Alifariki 1962. Hesabu mwenyewe: angesubiri umri wa sasa wa kustaafu kwa lazima, miaka 60, tusingekuwa na hata ukurasa wake mmoja. Na huo utulivu wa wastaafu mimi siujui. Ninaowaona wana ng'ombe wa kukatia majani, vikao vya harusi, na kesi isiyokwisha ya mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo.

Dozi ni ipi?

Maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki. Wiki 40 zikiisha una maneno 60,000, na hicho ni kitabu cha kurasa kama 200. Usiniambie una majukumu. Ule ujumbe uliouandikia kamati ya harusi kwenye WhatsApp, kulalamikia bei ya ndafu, ulizidi 300. Ukiruka siku, usinywe dozi mbili kesho yake. Endelea na ileile.

Sura ya kwanza nimeiandika mara 14, bado hainiridhishi. Nifanyeje?

Iache ilivyo, nenda ya pili. Wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, njia ya Marangu, usiku wa kwanza hulala kambi ya Mandara, kwenye mita 2,700. Asubuhi wanabeba mizigo wanaondoka kuelekea Horombo, kambi inayofuata. Hakuna anayebaki Mandara miaka sita kwa sababu shuka halijanyooka. Makosa ya sura ya kwanza utayaona vizuri ukiwa umeshamaliza ya mwisho; nusu yake utaifuta kabisa.

Mgongo na macho vinauma.

Simama kila nusu saa, tazama mbali kidogo. Mlima ukiwa wazi, tazama mlima. Ukijifunika, tazama migomba. Kahawa ya saa nne usiku acha, hata kama umeilima mwenyewe. Maumivu yasipopungua, hayo sasa mpelekee daktari wa kweli.

Kuna kinga?

Nakala. Moja kwenye kompyuta, moja kwenye barua pepe, moja kwa shemeji asiyependa kusoma. Flashi moja inayozunguka mfukoni pamoja na funguo na sarafu si hifadhi, ni msiba unaosubiri tarehe. Nimeshawafariji watu wazima wakilia kwenye kaunta yangu.

Na ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu?

Inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ina tarakimu 13. Hupewa kitabu. Hamu haipewi namba.

Naomba basi unitengenezee jalada kwanza, linipe moyo.

Hapana. Leta kurasa kumi. Dirisha langu linafunguliwa saa mbili asubuhi, na mwalimu yule wa daftari la kaunta jana amenitangulia kufika. Ameleta nne.