Kurasa Zilizochanwa

Tazama mgongo wa daftari la mwanafunzi hodari. Mara nyingi pini zimelegea na kurasa zimepungua: ameandika mistari minne, neno moja likamharibikia, akachana, akaanza upya. Hapa Mombasa mtoto huyu husifiwa kwa usafi. Mimi hapo naona hofu ya kukosea.

Mwaka wa 1991 wanasaikolojia Paul Hewitt na Gordon Flett walitenga sura tatu za uchu wa ukamilifu: kuudai ukamilifu kwako mwenyewe, kuudai kwa wengine, na kuamini kwamba wengine wanaudai kwako. Hiyo ya tatu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, nayo hulishwa kwa maneno madogo. Mtoto aleta 92 nyumbani, aulizwa, "Nane zimekwenda wapi?"

Hasara yake ionekane kwenye karatasi ya Insha ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya: dakika 105, insha mbili, alama 20 kila moja. Mwanafunzi wa namna hii humaliza dakika 70 akiipiga msasa insha ya kwanza, ya pili akaikimbiza. Kuitoa insha kwenye 14 hadi 15 kwataka jasho. Insha isiyoisha hupoteza alama tano au sita bila taabu. Kwa hiyo wanafunzi nawapangia hivi: dakika 5 za kusoma na kuchagua, kisha kwa kila insha 5 za vidokezo, 40 za kuandika, 5 za kupitia. Dakika ya 55 ikigonga, kalamu yahamia insha ya pili, hata sentensi ikiwa imekatika.

Mkono huzoeshwa nyumbani. Baada ya isha, dakika 10, siku tano mfululizo, aandike aya moja kwa kalamu ya wino. Raba ikae chumba kingine. Kosa likatwe kwa mstari mmoja. Kabla ya kuanza, aandike pembeni anachohofia, mathalani "mwalimu ataniona mjinga". Aya ipelekwe kwa mwalimu ilivyo, na kesho yake aandike kilichotokea hasa. Wengi huiruka hatua hii ya kulinganisha, zoezi likawa adhabu tu na hofu ikabaki palepale.

Asiyelala, asiyekula au anayetaja kufa hahitaji zoezi hili kwanza. Apelekwe kwa mshauri au daktari siku hiyohiyo.

Wapo watakaoukata huo mstari mmoja kwa rula, unyooke. Rula nayo iondolewe.