Je, wajua tezi ya pituitari hufanya nini moyo uliosimama unaporudi kudunda?

Moyo unaposimama ghafla, fahamu hupotea ndani ya sekunde chache, na hata kifua kikikandamizwa kwa ustadi, damu inayosukumwa haizidi takriban theluthi moja ya ile ya kawaida. Katika uhaba huo, tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na yenye ukubwa wa punje ya njegere, huanza kumwaga homoni kwa wingi usio wa kawaida.

Sehemu yake ya nyuma hutoa vasopresini, ambayo siku zote huziagiza figo kubakiza maji, lakini ikiwa nyingi hubana mishipa ya damu ili damu iliyopo ielekee kwenye moyo na ubongo. Wagonjwa waliofufuliwa walipopimwa walionekana kuwa nayo nyingi kuliko walioshindikana, ndipo madaktari wakaijaribu kama dawa. Nchini Marekani iliingizwa katika mwongozo wa ufufuaji wa mwaka 2000, na mwaka 2015 ikaondolewa, kwa kuwa haikuonekana kuishinda adrenalini, homoni ambayo nayo hutumika kama dawa ya kuufufua moyo. Homoni kuwa nyingi kwa aliyepona, kumbe, si hoja kwamba ndiyo iliyomponya.

Sehemu ya mbele hutuma homoni inayoziamsha tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zitoe kotisoli, ambayo bila hiyo mishipa haiitikii vyema adrenalini na shinikizo la damu hushuka. Hapa ndipo penye utata. Pituitari inaweza kupaza sauti, lakini adrenali, ambazo nazo zilikosa damu, zisijibu kwa kiasi kinachohitajika. Kwa hiyo kipimo cha kotisoli ambacho kwa mtu mzima wa afya kingeitwa cha kawaida, kwa aliyetoka kufufuliwa huenda kikawa kidogo mno. Isitoshe, etomideti, mojawapo ya dawa za usingizi zinazotumika kabla ya kuingiza mpira wa kupumulia, huzuia utengenezaji wa kotisoli kwa saa kadhaa.

Siku zinazofuata, madaktari huutazama pia mkojo. Vasopresini hutengenezwa na neva za haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu ya pituitari, kisha huteremshwa na kuhifadhiwa sehemu ya nyuma. Ubongo ukivimba vibaya kwa kukosa oksijeni, neva hizo hufa na homoni hukatika: mgonjwa hutoa lita nyingi za mkojo mweupe kama maji, na sodiamu hupanda katika damu. Upungufu huo hutibika kwa dawa inayofanana na vasopresini, ila kwa mgonjwa wa aina hii huwa ni dalili mbaya kuhusu ubongo wenyewe.

La ajabu ni kwamba homoni za sehemu ya mbele zinaweza kuendelea kupatikana katika damu hata ubongo ukiwa umekufa, kwa sababu baadhi ya mishipa inayoilisha tezi hii huchipuka nje ya utando mgumu unaoufunika ubongo, mahali ambapo uvimbe haufiki kwa urahisi.