Mdoli Kuonekana Mdoli Siyo Kasoro

Nimeambiwa tena. Safari hii ni prodyuza, mtu mzima na akili zake, kanipigia kuulizia bei ya kichwa cha sungura kwa ajili ya sinema yake ya kutisha. Kabla sijauliza hata vipimo, maelekezo yakaanza: "Ila fundi, usije ukanitengenezea kama zile za Wamarekani, mdoli anaonekana kabisa ni mdoli. Watu wanacheka badala ya kuogopa." Halafu akataka meno. Wote huwa wanataka meno, marefu, na damu kidogo kwenye ncha.

La meno nitalirudia. Hili la kwanza nimelisikia kwa watayarishaji, kwa vijana wanaokuja karakana kujifunza, hata kwa shemeji yangu ambaye hajawahi kushika sindano: kwamba filamu kama Five Nights at Freddy's au Willy's Wonderland zina manyoya yanayoonekana ya dukani na mishono ya wazi kwa sababu waliishiwa pesa, na kwamba kompyuta ingewaokoa. Jamani. Wadoli wa Five Nights at Freddy's, ile ya 2023, walitengenezwa na Jim Henson's Creature Shop, karakana iliyoanzishwa na mtu yule yule aliyemleta duniani Kermit, yule chura wa kitambaa. Wale wakitaka Freddy, yule dubu, aonekane katoka porini leo asubuhi, ataonekana. Hawakutaka. Walitaka dubu wa jukwaani, wa mgahawa wa piza wa watoto, aliyefungiwa gizani miaka mingi.

Kikaragosi cha kipindi cha watoto hakijawahi kumdanganya mtoto. Kermit wa kwanza, mwaka 1955, Henson alimshona kwa koti kuukuu la mama yake, na macho yakawa mpira wa tenisi ya meza uliokatwa nusu mbili. Mtoto anakiona kitambaa. Anajua mle ndani kuna mkono, na ukimuuliza atakwambia. Ila amekubali kutoujali, na mchezeshaji amekubali kutouonyesha, na Sesame Street imeishi kwa makubaliano hayo tangu 1969. Yule ndege mkubwa wa manjano, Big Bird, ndani yake Caroll Spinney alinyoosha mkono wa kulia juu ya kichwa chake kuendesha kichwa na mdomo, nje haoni kitu, kajifunga kiruninga kifuani ili ajue anaelekea wapi. Watoto wakamkumbatia hivyo hivyo.

Filamu ya kutisha inakuja na swali moja: na kama mkono haumo?

Swali hilo huwezi kuliuliza kwa mdoli anayeonekana hai. Tengeneza dubu wako kwa kompyuta, misuli icheze chini ya ngozi, pua ilowe, na utakuwa umepata dubu. Dubu anatisha, sikatai, lakini hakuna anayejiuliza nani anamwendesha. Mshono ndio unaomwambia mtazamaji kwamba kitu hiki hakikustahili kusogea. Ukiuficha, umelifuta swali, na hapo hata ungemwaga ndoo tatu za damu unabaki na sinema ya mnyama mkali.

Chukua Child's Play ya 1988. Wengi wetu Chucky, mdoli muuaji wa filamu hiyo, tulimwonea kibanda umiza, mkanda umechoka, anayetafsiri anapiga kelele kuliko mdoli, kwa hiyo tunachokumbuka ni kisu. Itazame upya, tena kwa utulivu. Mwanzo kabisa mtoto Andy anaangalia katuni ya Good Guys, kavaa nguo za Good Guys, na chakula chake cha asubuhi kina jina hilo hilo. Ndivyo mambo yalivyokuwa Marekani miaka ile ya 1980, masharti ya matangazo kwenye runinga ya watoto yalipolegezwa, vipindi vizima vikawa vinauza midoli. Yaani Chucky, ambaye naye ni mdoli wa Good Guys, ni mtoto wa runinga kabla hajawa muuaji.

Sasa nenda kwenye sehemu ninayoipenda. Mama yake Andy, Karen, yuko peke yake nyumbani na boksi la mdoli. Analiinua, betri zinadondoka sakafuni. Ni betri zilizokuja na mdoli, hakuna aliyezigusa, na mdoli amekuwa akiongea tangu anunuliwe. Karen anamgeuza, anafungua kifuniko cha mgongoni: tupu. Hapo kichwa kinazunguka na kumsalimia, maneno yale yale ya kirafiki ya kiwandani, sauti ile ile ya kiwandani. Mpaka hapo halijatoka jino wala tone la damu. Kinachokutisha ni kifuniko cha plastiki na tundu lisilo na betri. Uso wenyewe bado ni wa dukani, una madoa yake ya kupendeza mashavuni, kwa sababu Kevin Yagher, fundi aliyemtengeneza, na mwongozaji Tom Holland hawakuwa na haraka. Sura inabadilika pole pole kadiri hadithi inavyosonga, hadi nywele zinarudi nyuma kama za mtu anayeanza upara. Prodyuza wangu angetaka ile sura ya mwisho dakika ya pili.

(Na kwenye baadhi ya picha za Chucky akitembea, mle ndani alikuwemo mtu kweli, Ed Gale, mtu mwenye kimo kifupi, akipita kwenye seti zilizojengwa kubwa kuliko kawaida. Huwa nafurahi nikilikumbuka hilo.)

Ukishauliza mkono uko wapi, lazima ujibu, na hapo ndipo mizuka inapoingia. Chucky ana roho ya jambazi Charles Lee Ray. Freddy na wenzake wana roho za watoto waliouawa. Wadoli wa Willy's Wonderland, ya 2021, wana roho za wauaji waliojitoa kafara kwa shetani. Ni upuuzi? Ni upuuzi. Ila ni jibu linalolingana na swali. Linganisha na The Banana Splits Movie ya 2019, iliyoongozwa na Danishka Esterhazy na kupigwa Cape Town. Imetokana na kipindi halisi cha NBC cha 1968 hadi 1970, mbwa, nyani, simba na tembo wanaopiga muziki. Hujawahi kukiona, najua, lakini wimbo wake unakaribia kuujua: sikiliza ule wa mwanzo, kisha sikiliza Bob Marley kwenye Buffalo Soldier anapoacha maneno na kubaki na ile "woy yoy yoy". Wengi wameshangazwa na mfanano huo, nami sisemi nani kamsikia nani. Turudi kwenye filamu. Humo wadoli ni roboti, programu inaharibika, wanaanza kuua. Wadoli wazuri, mishono yote ipo, nimeifurahia, lakini katikati hofu ilinitoka. Programu ikiharibika unamwita fundi. Roho ya mtoto aliyeuawa haina fundi.

Sasa kazi ya mikono, maana hapa ndipo watu hunichosha zaidi. Macho. Wateja wanadhani jicho ni rangi, "yaweke mekundu". Jicho ni mwelekeo. Kikaragosi cha watoto mboni zake zinaelekezwa ndani kidogo, karibu kengeza, ili kwa umbali wa kamera zikutane usoni mwa mtazamaji. Mtoto anaona anatazamwa yeye. Mimi nazishikiza kwanza kwa gundi isiyokauka haraka na kuzisogeza nikiwa naangalia kwenye skrini, kamwe si kwa macho yangu, kwa sababu mezani zinadanganya. Zisogeze nje milimita mbili kila upande na hakuna atakayeweza kukwambia kilichobadilika, ila sungura wako hatazami tena wewe. Anatazama kitu nyuma ya bega lako. Manyoya yale yale, tabasamu lile lile. Milimita mbili hizo zinashinda lita ya damu, na hazina gharama, labda ndiyo maana hakuna anayezithamini.

Mdomo nautaja haraka: kidole gumba kishuke, vidole vinne vya juu vitulie, la sivyo kichwa kinaruka kila silabi. Kwa Kiswahili usifungue kwa kila silabi pia, "nitakutafuta" inataka mara sita na mdoli ataonekana anatafuna. Ruka baadhi.

Kimya. Yeyote aliyekaa na mtoto mbele ya Akili and Me, au kipindi chochote cha aina hiyo, anaujua mtindo: mhusika anakuuliza, anatulia, mtoto anajibu, mhusika anafurahi kana kwamba kasikia. Ule utulivu unapimwa. Ukizidi kidogo, mtoto anageuka kumtazama mama. Ukizidi sana, hata mimi mtu mzima nataka kuzima runinga. Mwongozaji wa filamu ya kutisha anayejua kazi hachezei sura, anachezea utulivu ule. Mdoli anauliza, anasubiri, na anaendelea kusubiri. Mhariri wa picha asiyejua anaukata kwa sababu "hakuna kinachotokea".

Anayebisha namwambia habari za Scott Cawthon. Mwaka 2013 alitoa mchezo wa kompyuta wa kirafiki kabisa, Chipper & Sons Lumber Co., wanyama wakata mbao. Wachezaji wakalalamika kwamba wanyama wake wanasogea kama mashine za kutisha za jukwaani. Alivunjika moyo, kisha akaamua kutengeneza mashine za kutisha za jukwaani, na 2014 akatoa Five Nights at Freddy's. Hakubadili mkono wake. Mwendo ule mgumu uliomharibia mchezo wa watoto ndio uliomtajirisha.

Na kuhusu kucheka: ndiyo, watu wanacheka, wanatakiwa kucheka. Filamu hizi zina mbwembwe za makusudi. Kwenye Willy's Wonderland Nicolas Cage hasemi neno moja filamu nzima. Ni mtu aliyepewa kazi ya kusafisha jengo usiku, anasafisha kweli, na saa yake ikilia kuashiria mapumziko anaacha kila kitu, hata kama wenzake wanakaribia kuuawa, anaenda kunywa soda na kucheza mashine ya michezo. Inachekesha kwa sababu hatabasamu. Wadoli nao hivyo hivyo: siku mdoli akijua kwamba anachekesha, akamkonyeza mtazamaji, biashara imeisha. Mbwembwe ni za filamu, mdoli mwenyewe anapaswa kuwa na imani ya mlokole.

Kuna mambo mawili yananisumbua katika haya yote. La kwanza ni hili la kumbukumbu za utotoni. Wanaoandika kuhusu filamu hizi husema zinatisha kwa sababu zinachafua kitu ulichokipenda ukiwa mtoto. Sasa sisi wa kibanda umiza tulikipenda lini? Hatukuwa na Good Guys wala dubu wa mgahawa wa piza. Migahawa ile ilianza San Jose, California, mwaka 1977, ikiitwa Chuck E. Cheese, na hata vijana wa Marekani waliojaza kumbi mwaka 2023, wakaipa filamu iliyogharimu dola milioni 20 karibu milioni 300, wengi wao utoto waliokuwa wakiukumbuka ni wa kutazama video za watu wakicheza mchezo wa Cawthon. Ni kumbukumbu ya kumbukumbu. Mimi naegemea kwenye umbo: mtu yeyote aliyewahi kuongeleshwa na kitambaa ameshakubali yale makubaliano. Lakini sina namna ya kulithibitisha, na kuna siku nadhani tuliogopa kisu tu.

La pili ni M3GAN, filamu ya 2022 yenye mdoli roboti wa jina hilo hilo. Haina mzuka, ni programu tupu, na kwa hoja yangu ya Banana Splits ilipaswa kupwaya. Haipwayi. Mdoli anapocheza dansi kwenye korido kabla ya kuua nilisimama kwenye kiti. Naweza kujitetea kwamba sehemu kubwa ya mwili ule ni mtoto halisi, Amie Donald, aliyevaa uso wa bandia, kwa hiyo mkono umo. Utetezi huo wenyewe naona una tundu. Inawezekana kwa watoto wanaolelewa na simu inayowajibu, programu imeshakuwa na roho yake, na fundi haitwi tena. Basi nadharia yangu ina tarehe ya mwisho kama dawa.

Prodyuza wangu bado anasubiri bei. Nimemwandikia kwamba kichwa cha sungura kitakuwa cha sponji, manyoya ya pinki yaliyofifia, mshono utapita katikati ya paji la uso na hautafichwa. Nataka siku za mazoezi na mchezeshaji, na mtu wa sauti asiondoe mchakacho wa kitambaa. Meno nitayatengeneza, ya kuvaliwa na kuvuliwa, na nimeyawekea bei yake pembeni, kubwa kuliko ya kichwa.