Je, wajua kwa nini reli ya Mokra Gora imejikunja kama namba 8?

Mokra Gora ni kijiji kidogo cha milimani huko magharibi mwa Serbia, kati ya milima ya Tara na Zlatibor, ukisogea kidogo tu umeshaingia Bosnia. Kinachokipa jina ni reli yake, wenyewe wanaiita Šarganska osmica, maana ukiitazama kutoka juu imejizungusha kama namba 8 na mahali fulani inapita juu ya njia yake yenyewe.

Watu wengi wakiona picha wanadhani ilijengwa hivyo kuwafurahisha watalii. Hapana jamani. Reli hii ilifunguliwa 1925 kuunganisha Belgrade na Sarajevo, ilibeba mizigo na abiria wa kawaida, na hakuna injinia angechimba mahandaki 22 kwenye mwamba eti watu wapate mandhari nzuri! Treni za watalii zimekuja juzijuzi tu, miaka ya 2000.

Shida ilikuwa mlima Šargan. Kutoka stesheni ya Mokra Gora mpaka ile ya juu, Šargan Vitasi, ukinyoosha mstari ni kama kilomita 3.5 lakini unapanda mita 300 hivi, yaani zaidi ya mita 80 kwa kila kilomita. Lori lingejikongoja likafika, treni haiwezi, kwa sababu gurudumu la chuma juu ya chuma halina mshiko, ukilazimisha linazunguka palepale. Sasa mcheki mtu anayesukuma baiskeli yenye gunia la mkaa mlimani, hapandi moja kwa moja, anakata kushoto anakata kulia, njia inakuwa ndefu ila mzigo unapandika. Reli nayo imerefushwa mpaka kilomita 15 na kitu, mwinuko ukashuka chini ya mita 20 kwa kilomita.

Ila treni haikati kona kali kama baiskeli, lazima izunguke taratibu, na bonde lenyewe ni finyu, kwa hiyo mizunguko ikabidi ipandiane. Hata hiyo iliwezekana kwa sababu reli ni nyembamba, kutoka chuma kimoja mpaka cha pili ni milimita 760 tu, na reli nyembamba inavumilia kona kali kuliko ile pana.

Ilifungwa 1974, reli ikang'olewa. Ukarabati ukaanza 1999, ikarudishwa palepale na mizunguko yake yote, na 2010 ikafika mpaka Višegrad, upande wa Bosnia.