Karatasi ya Maabara Haijui Ulidungwa Lini: Dhana Potofu Kuhusu Vipimo vya Damu vya Wanaotumia Testosteroni

Wiki haipiti hapa Kisumu kabla simu yangu haijapokea picha ya karatasi ya maabara, imepigwa ndani ya matatu, herufi H (yaani juu ya kawaida) imezungushiwa kalamu nyekundu na chini yake pana swali: "Daktari, imezidi. Niache sindano?" Dawa haikutajwa, wala siku ya sindano ya mwisho. Nimelijibu swali hilo kwa upole mara nyingi mno, na upole wenyewe sasa umeanza kupungua.

Dhana iliyo nyuma ya swali hilo ni kwamba kiwango cha testosteroni, homoni ya kiume, ni kitu kilichotulia mwilini, kama kundi la damu, na kwa hiyo damu inaweza kutolewa siku yoyote mtu atakapopata nafasi ya kupita maabara. Kwa mtu anayedungwa, jambo hilo si kweli hata kidogo. Sindano ya enantheti au sipioneti, aina mbili za testosteroni ya kudungwa, hupandisha kiwango hadi kileleni katika siku chache za mwanzo, mara nyingi juu ya mipaka ya kawaida, kisha kiwango huteremka polepole mpaka sindano nyingine. Sustanon 250, yenye esta nne (aina nne za testosteroni) ndani ya chupa moja, hufika kileleni baada ya saa 24 hadi 48, nacho kilele hicho kinaweza kukaribia 70 nmol/L. Baada ya siku 21 hivi, kiwango huwa kimerudi kwenye mpaka wa chini. Mipaka iliyochapishwa pembeni mwa jibu lako ilipatikana kwa wanaume wasiodungwa chochote. Kompyuta inalinganisha namba na mipaka hiyo, inaweka H au L (chini ya kawaida), na kazi yake imekwisha. Ya sindano haiyajui.

Fundi mmoja wa magari kutoka Kondele, anayedungwa miligramu 200 za enantheti kila baada ya wiki mbili, aliniletea karatasi iliyokunjwa mara nne: 1,240 ng/dL. Alikuwa ameshaazimia kuiruka sindano iliyofuata. Nilipomwuliza alidungwa lini, alihesabu kwa vidole vilivyokuwa bado na grisi: alidungwa Jumamosi, na damu ilitolewa Jumatatu. Tukakubaliana kwamba baada ya sindano inayofuata atapimwa mara mbili. Siku ya saba jibu lilikuwa 540, na asubuhi ya siku ya 14, kabla ya kudungwa, lilikuwa 290. Mwili ni uleule, dozi ni ileile na maabara ni ileile, lakini karatasi ya kwanza ina H, ya pili haina alama yoyote, na ya tatu ina L. Jibu lenye maana kwa enantheti na sipioneti ni lile la katikati ya sindano mbili, na tunalolitaka hapo ni kati ya 350 na 600 ng/dL. Dozi yake, basi, haikuwa na kosa. Lakini alikuwa akilalamika kwamba siku mbili za mwisho kabla ya sindano anachoka na kukosa hamu, kwa hiyo tuliigawa: miligramu 100 kila wiki, ili mabonde na vilele visiachane sana.

Kila dawa ina siku yake ya kupimwa. Andekanoeti ya muda mrefu, ile inayodungwa kila baada ya wiki kumi hadi 14, hupimwa mwishoni, kabla tu ya sindano inayofuata. Jeli hupimwa saa mbili hadi nane baada ya kupakwa, ikiwa imetumiwa kwa wiki moja angalau, na damu isitolewe kwenye mkono uliopakwa, kwa maana mabaki yaliyo kwenye ngozi huingia katika sampuli na kuleta namba za ajabu. Ushauri wangu, ambao wagonjwa wangu wameuchoka, ni huu: andika tarehe na saa ya sindano nyuma ya kadi ya kliniki, kwa kalamu, siku hiyohiyo. Usiniambie utakumbuka.

Jamaa ya dhana hiyo ni ile ya vipimio. Mzee mmoja wa Siaya alifika akiwa na hofu kuu kwamba testosteroni yake imeporomoka kutoka 519 hadi 18. Haikuwa imeshuka hata tone. Maabara ya kwanza iliandika ng/dL na ya pili nmol/L, na 18 ukiizidisha kwa 28.84 unapata 519. Soma herufi zinazofuata namba kabla ya kusoma namba, na ukiweza, pima maabara moja kila mara, kwani hata mashine zinazotumia kipimio kimoja hazikubaliani kikamilifu. Mzee huyohuyo alikuwa ameondoka kwake alfajiri bila kuonja hata chai. Sharti la kupimwa asubuhi na tumbo tupu ni la kutafuta ugonjwa kabla ya tiba kuanza, na hapo hulihimiza kwa ukali, tena mara mbili kwa siku tofauti. Mtu aliyekwisha kuanza sindano anaweza kunywa chai yake. Afadhali aache kwa siku mbili au tatu vile vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi, kwa sababu katika baadhi ya mashine biotini hupandisha jibu la testosteroni kwa uongo.

Baya zaidi ni kwamba wote hutazama testosteroni peke yake, huku namba inayonikosesha usingizi ikiwa mistari kadhaa juu au chini yake: hematokriti, yaani asilimia ya damu iliyo chembe nyekundu. Katika eneo ambalo malaria na selimundu zimetufundisha kuogopa upungufu wa damu, mtu akiona himoglobini ya 18.5 husema damu imejaa, na hupongezwa nyumbani. Testosteroni huuchochea mwili kutengeneza chembe nyekundu, na damu ikizidi uzito, hatari ya kuganda huongezeka. Hematokriti ipimwe kabla ya tiba, kisha baada ya miezi mitatu hadi sita, kisha kila mwaka. Ikipita asilimia 54, sindano husimama mpaka ishuke, tutafute sababu nyingine kama vile kukoroma kunakokata pumzi usingizini, halafu turudi kwa dozi ndogo zaidi. Mwinuko nao una sehemu yake: Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari, Nakuru karibu 1,850 na Eldoret zaidi ya 2,000, na hewa nyepesi ya juu huongeza chembe nyekundu hata kwa asiyetumia dawa. Dereva anayeishi Eldoret na anayeishi Dunga, hapa Kisumu kando ya ziwa, hawaanzi mahali pamoja. Kunywa maji ya kutosha kabla ya kutoa damu, kwa sababu mwili uliokauka hupandisha hematokriti pasipo sababu.

Yaliyobaki nitayapitia haraka. LH na FSH, homoni ambazo ubongo huziamrishia korodani, zikiwa karibu na sifuri, korodani hazijafa. Ubongo umeona testosteroni ya kutosha na kunyamaza. Ukimya huohuo huzuia mbegu, na anayetafuta mtoto asidungwe testosteroni kabisa, hata kama rafiki yake wa mazoezi amemwapia vingine. Kwa anayeishi na VVU, protini inayobeba testosteroni huweza kuwa juu, hivyo jumla ikaonekana nzuri ilhali ile iliyo huru ni kidogo. Aombe na hiyo ipimwe. Sindano haziharibu ini. Sifa hiyo mbaya ni ya vidonge vya zamani vya aina ya methili. PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) ikipanda kwa zaidi ya 1.4 ng/mL ndani ya mwaka wa kwanza, ukamwone daktari wa mfumo wa mkojo, lakini kwanza irudiwe, bila maambukizi ya mkojo na bila tendo la ndoa kwa siku mbili.

Na estradioli, homoni ya kike ambayo hata mwanamume anayo: wapo wanaokunywa anastrozoli, dawa ya kuishusha, kwa sababu tu karatasi imeonyesha imepanda kidogo. Kipimo cha kawaida cha estradioli kilikusudiwa viwango vya wanawake na hukosea sana katika viwango vya chini vya wanaume; tena mifupa ya mwanamume, na hamu yake pia, huihitaji homoni hiyo. Kama matiti hayaumi wala hayajavimba, vidonge hivyo virudi kabatini.