Kiki nzito ya hip hop haitoki kwenye kitufe cha besi

Malalamiko ninayoletewa zaidi na madogo wanaotengeneza biti ni haya: "Braza, kiki yangu haigongi." Kiki ni ile ngoma nzito ya chini kwenye biti. Nikifungua projekti naikuta imepandishwa desibeli 8 (kipimo cha ukubwa wa sauti) chini ya 60 Hz (mitetemo 60 kwa sekunde), juu yake kuna kompresa mbili (vifaa vya kubana sauti inayozidi), na pembeni besi ya 808 (kiki ya mkia mrefu inayopigwa kama besi) inanguruma mwanzo mwisho kana kwamba ndiyo inayolipa kodi ya chumba. Kiki ya namna hiyo nguvu inayo tele. Inachokosa ni pa kukaa, na kila unavyoiongeza ndivyo unavyozidi kuisonga.

Tuanze na kiki yenyewe. Ina kliki ya mwanzo, ambayo huishi zaidi kati ya 2,000 na 5,000 Hz na kuisha ndani ya milisekunde chache. Ina kifua, yaani uzito wake, kati ya 50 na 100 Hz. Halafu ina mkia, ule mvumo unaobaki ukififia. Sampo (kipande cha sauti iliyorekodiwa) isiyo na kifua huwezi kuipandikizia kifua kwa ikwalaiza (kifaa cha kupandisha na kushusha sehemu za sauti), utaongeza mvumo tu. Kwa hiyo muda wangu mwingi unaishia kwenye kuchagua, na nachagua huku lupu (kipande cha muziki kinachojirudia) na besi vinapiga, maana kiki tamu ikiwa peke yake mara nyingi hupotea vyombo vikishaingia.

Wazee wa New York walilijua hili mapema. Prodyuza Marley Marl alijenga jina kwa kukata kiki moja na sneya moja (ngoma kali ya juu) kutoka kwenye sahani za santuri za zamani na kuzipiga upya kwa mpangilio wake. Mwaka 1987 kampuni ya E-mu wakatoa SP-1200, mashine iliyorekodi sampo kwa biti 12 (za kompyuta, siyo za kuchania) na kwa 26.04 kHz (vipimo 26,040 kwa sekunde), na jumla ya sampo zote ilikuwa kama sekunde 10 tu. Ili kubana nafasi, maprodyuza waliicheza sahani ya mizunguko 33 kwa dakika kwa mwendo wa 45, wakarekodi, kisha wakaishusha kasi ndani ya mashine. Ule uchafu uliobaki ndio ukawa ukali wa kiki za boom bap, ile hip hop ya kiki fupi na sneya kali. Njia ya pili ya kupata kiki nzito ni ya Roland TR-808, mashine ya ngoma iliyotengenezwa kati ya 1980 na 1983. Kiki yake haikuwa sampo, ilizalishwa na saketi yenyewe, na mkia wake uliweza kurefushwa kwa kitufe. Sokoni haikutamba, ikauzwa mitumba kwa bei ya chini, ndipo vijana wa hip hop wakaipata.

Nautaja ule uchafu kwa heshima kwa sababu una kazi. Spika ya simu haiwezi kutoa 50 Hz hata ukiilazimisha. Lakini ukiichafua kiki kidogo kwa plagini (programu ndogo ndani ya programu ya muziki) ya sacharesheni, ile inayochafua sauti kwa makusudi, juu ya ile 50 Hz zinazaliwa 100, 150, 200 na kuendelea, na sikio likizisikia hizo linaijaza lenyewe ile ya chini isiyokuwepo. Mimi huinakili kiki kwenye chaneli ya pili, naichafua sana, nakata chini ya 100 Hz hivi, halafu naipandisha polepole pamoja na ile ya asili mpaka kiki ianze kusikika kwenye simu. Hapo naacha.

Sasa kuhusu kupachika kiki mbili, moja ya kliki na moja ya kifua. Hapa ndipo nguvu nyingi inapoibiwa bila mwenyewe kujua. Wimbi la 50 Hz linachukua milisekunde 20 kumaliza mzunguko mmoja. Kiki ya pili ikichelewa milisekunde 10, moja inasukuma spika mbele wakati nyingine inaivuta nyuma, na unachosikia ni kiki mbili zenye nguvu ya nusu kiki. Vuta mawimbi yote mawili karibu kwenye skrini mpaka uone kilele cha kwanza cha kila moja, yasogeze yapande pamoja. Kisha geuza polariti ya moja, yaani wimbi lake liwe juu chini. Ikiwa kifua kimeongezeka ulipogeuza, iache hivyo hivyo. Ile ya kliki ikate yote yaliyo chini ya kama 120 Hz, ili sehemu ya chini iwe na mwenyewe mmoja. Ukishakata sikiliza tena, kwa sababu filta (kile kinachokata) nayo husogeza fezi, yaani mahali wimbi lilipofika kwenye mzunguko wake.

Kompresa kwenye kiki naitumia kidogo, ataki (muda kabla haijabana) ya milisekunde 20 au 30 ili kliki ipite kwanza. Na nikisikia sauti ya boksi, napunguza desibeli 3 kati ya 250 na 400 Hz. Basi.

Besi ndiyo yenye maneno. Noti ya F ya chini ina 43.65 Hz, G ina 49, A ina 55. Biti ikiwa kwenye E au F, 808 yako inaishi mahali ambapo spika nyingi za kawaida zimeshakata tamaa. Ni bora kuhamisha biti hadi G kabla mchanaji (rapa) hajaingiza sauti, kuliko kupigana na ikwalaiza baadaye. Kiki fupi ya boom bap sisumbuki kuitafutia noti, lakini 808 yenye mkia mrefu lazima ikae kwenye ufunguo wa wimbo. Halafu ifanye ipishe: saidicheni ya kiki kwenye 808 (kompresa inayoishusha 808 kila kiki inapopiga), ataki ya milisekunde 2 hadi 5 ili isitoe mikwaruzo, rilisi (muda wa kuachia) kati ya milisekunde 60 na 100. Kama hupendi kompresa, chora volyumu ya 808 kwa mkono ishuke kila kiki inapopiga. Inachosha, lakini inatii kuliko plagini yoyote.

Kuna jambo hakuna plagini itakayokusaidia, nalo ni chumba. Studio nyingi za nyumbani ni chumba cha mita 3 kwa 3. Sauti inasafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya kuta zilizoachana mita 3 wimbi la 57 Hz linasimama palepale: kwenye kuta linajaa, katikati linakaribia kufa. Prodyuza kaweka kiti katikati, hasikii kifua cha kiki, anapandisha. Ngoma ikifika kwenye daladala dirisha linatetemeka na maneno hayasikiki. Trei za mayai ukutani hazisaidii hapo, wimbi la 57 Hz lina urefu wa mita 6 na trei ina sentimita chache. Zinapunguza kidogo sauti za juu, basi chumba kinabaki na ngurumo tupu. Sogeza kiti mpaka kama mita 1.1 kutoka ukuta wa mbele, jaza kona kwa vitu vinene, na linganisha na hedifoni.

Mwisho ni masta, hatua ya kumalizia wimbo mzima. Limita (kile kinachozuia sauti isivuke kikomo) ikiwa inaikamata kiki, utasikia sauti ya mchanaji inazama kila kiki inapopiga. Weka klipa laini (inayokata ncha za wimbi) kwenye kiki kabla haijafika huko, ikate ncha ya desibeli 2 au 3 tu, na acha kiki ipige karibu na -8 dBFS (desibeli 8 chini ya kikomo cha dijitali) wakati unamiksi. Ikiwa mchanaji bado anazama, shusha 808 desibeli 2, kiki usiiguse.